Mstari wa Kalamu Kwenye Chupa ya Mafuta

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikujifunza ukubwani. Mama yangu, kule Itiryo, alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilipokuwa mchanga nililitazama titi kwanza ndipo nikanyonya. Wageni walicheka, na mimi nilikua nikiamini kwamba hiyo ni sifa.

Katika ualimu tabia hiyo imenifaa. Nilifundisha baiolojia miaka kadhaa kule Nyambureti, halafu nikahamishiwa shule ya kutwa iliyo karibu na machimbo ya Nyakunguru, ambako mwanafunzi akikuambia amefiwa na shangazi inabidi umtazame viganja. Vikiwa vimechubuka na kucha zina vumbi la mawe, basi shangazi yuko hai na mtoto alikuwa akiponda mawe ya dhahabu. Nilikuwa nikiwakamata wengi. Walinipa jina la utani ambalo sitalisema hapa, lakini linahusu pua.

Mwaka ule akaletwa msichana wa kidato cha pili mwenye ualbino. Alikuja na mama yake siku ya kwanza, mama akaongea na mkuu wa shule kwa dakika chache, akaondoka bila kugeuka nyuma. Msichana akakaa dawati la dirishani, ambako jua la asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja, na hakuna mtu aliyemwambia ahame. Nilipoingia kipindi cha tatu nikamkuta amejifunika shingo kwa daftari. Nikamhamishia upande wa ukutani, na jioni ile sikupata raha.

Nilijua mambo mawili. La kwanza, ngozi ya mtoto kama huyo jua huila taratibu, na vidonda vinavyoanza masikioni na shingoni vinaweza kuja kumuua akiwa bado kijana. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na sikutaka kulizungukazunguka. La pili, hapa kwenye machimbo kuna uongo wa zamani unaowaunganisha watu wenye ualbino na bahati ya dhahabu, uongo uliowafanya wenzao sehemu nyingine wawindwe kama wanyama. Kwa hiyo kila aliyemtazama yule binti zaidi ya mara moja, mimi nilimtazama mara tatu.

Nikaona nikimfundisha peke yake nitamfanya kielelezo cha maabara. Afadhali nifundishe shule nzima kujikinga na jua, yeye awemo ndani kama wengine. Kizuizi cha kwanza kilikuwa mkuu wa shule. Kwake kofia ilikuwa utovu wa nidhamu. Mwanafunzi huvua kofia mbele ya mwalimu, basi afadhali asiwe nayo kabisa. Tulibishana wiki mbili. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe, akikagua palizi ya shamba la shule, huvaa pama lenye ukingo mpana kama sinia. Akasema pama ruksa, lakini liwe la kitambaa cha rangi ya sare, na paredi ya saa nne ihamie kivulini. Nadhani alikubali ili niondoke ofisini kwake.

Wanafunzi walikuwa wagumu kuliko yeye. Wavulana wa Kikurya waliokwisha kutahiriwa hawataki kuonekana wanakimbia kitu chochote, hata jua. Mmoja alimwambia mwenzake aliyelijaribu pama, "Mura, hiyo ni kofia ya mama mboga," darasa zima likaangua kicheko, na somo likaishia hapo. Mwingine akauliza, kwa heshima zote, jua linawatafutia nini wao ambao walizaliwa weusi. Nikawaambia ukweli bila kuongeza chumvi: weusi unawasaidia sana, lakini hauwakingi macho, wala midomo, wala kichwa kisichopona maumivu baada ya siku nzima ya kuvuna. Nikawaambia pia kwamba baridi ya Tarime ni mwongo mkubwa. Upepo unapuliza, unajiona umepoa, kumbe jua linafanya kazi yake kimyakimya.

Walinisikiliza wakiwa na wasiwasi. Walitaka kujua nani anatoa kitambaa cha hizo kofia nilizowafundisha kushona, na kwa nini bure. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kama mafuta ya kuzuia jua niliyoyataja darasani ni yale ya kuzuia uzazi. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Ili somo lisiishie darasani niliwapa kazi: kila mmoja amfundishe mtu mmoja nyumbani jambo moja la kujikinga na jua, aandike kwenye daftari amemfundisha nani na nini kilitokea. Majibu yalinichekesha. Mmoja alimfundisha bibi yake kukaa kivulini kuanzia saa nne mpaka saa kumi, bibi akamjibu kwamba yeye anakaa kivulini tangu kabla mjukuu hajazaliwa na sasa angependa kuletewa maji. Daftari la yule binti lilikuwa na mistari miwili tu. "Nimemfundisha mpangaji wetu kushona ukingo wa kofia. Nimemfundisha na mwingine, ila bado ni mdogo, anaivua."

Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: Nani? Fafanua.

Alirudisha daftari bila kufafanua. Nikaliweka hilo moyoni, pale ninapoweka mambo ya aina hiyo, na hapo pana nafasi kubwa.

Mafuta yenyewe ya kuzuia jua nilikuwa nayachukua kwenye kliniki ya ngozi, chupa moja baada ya miezi kadhaa, nasaini kwa niaba ya shule. Ilikuwa chupa nyeupe ya plastiki, ukiiinua kwenye mwanga unaona mafuta yameishia wapi. Kwa sababu binti alipaswa kujipaka kabla ya kutoka nyumbani, aliondoka nayo, na kila Ijumaa aliniletea niione. Nilimwonyesha kiasi cha kupaka: uso, masikio nyuma na mbele, shingo, mikono. Alielewa mara moja. Alikuwa mtoto wa kuelewa mara moja, mwenye hesabu nzuri na mwandiko mdogo uliobanana.

Lakini ngozi yake haikuwa inaelewa. Wiki ya tatu shingo ilikuwa nyekundu. Wiki ya tano ncha ya sikio la kushoto ilikuwa na kigaga. Na chupa ilikuwa inashuka haraka kuliko ilivyopaswa. Mafuta yanaisha na ngozi inaungua. Hapo hakuhitajiki mtu wa kushuku, hata mtu mwema angeuliza. Nilimuuliza. Akasema anapaka. Nikamuuliza tena. Akasema, "Napaka, mwalimu," akiangalia viatu vyangu.

Ijumaa ile nikachukua kalamu ya wino mzito nikachora mstari kwenye chupa, sawasawa na mafuta yalipofikia. Nilifanya hivyo mbele yake. Sikumweleza maana ya ule mstari, na yeye hakuuliza. Wiki iliyofuata mafuta yalikuwa yameshuka mbali chini ya mstari, na kigaga kilikuwa kidonda.

Nikaanza na wenzake darasani. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye uso wake ulikuwa ukizidi kung'aa muhula hadi muhula huku vidole vikibaki na rangi yake ya zamani. Nikamwita, nikamkagua begi kwa hasira niliyoiita uangalizi. Nilikuta krimu ya kujichubua iliyonunuliwa mpakani Sirari, kidaftari cha mistari ya mapenzi, na muhogo wa kuchemsha. Alilia. Nilimpa somo lingine kabisa kuhusu ile krimu, na nikarudi pale pale nilipoanzia.

Basi nikaenda nyumbani kwao. Nilikuwa nimekwisha kufika pale mara moja mwanzoni mwa mwaka, na fomu ya shule. Palikuwa na nyumba ya bati yenye vyumba vitatu, chumba kimoja kikiwa na mlango wake wa nje, ambacho mama alimpangishia mchimbaji. Mama alikuwa mjane. Walihamia pale yapata miaka miwili nyuma, na alikuwa akiuza maandazi kwa wachimbaji asubuhi. Alinikaribisha kwa adabu, akanitolea kigoda barazani, akaninywesha uji. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa, na juu yake pametundikwa kitenge.

Kwenye fomu palikuwa na swali: kaya ina watoto wangapi. Mara ile ya kwanza niliweka kistari nikapita, na safari hii pia sikuligusa. Msomaji wa mbali anaweza kushangaa. Lakini mimi ni mtoto wa Itiryo, na sisi ng'ombe na watoto hatuwahesabu mbele ya mtu. Ukimuuliza mzazi anao wangapi, ni kama unamwambia kifo kije kupunguza. Watu wa ofisi wanauliza kwa sababu hawakulelewa. Mimi nililelewa. Kwa hiyo nilimuuliza yule mama kuhusu mafuta, kuhusu saa binti anazotoka, kuhusu kofia, kuhusu nani huingia na kutoka. Nilimuuliza kila kitu isipokuwa hicho kimoja, na niliondoka nikijiona nina adabu.

Yeye naye alinijibu kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto asioujua kina. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa. Akaniuliza tena, kwa Kikurya safari hii, kana kwamba kwa lugha hiyo ningeshindwa kumdanganya.

Nilipokuwa natoka nikamwona mpangaji. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, mtu wa makamo wa kutoka Singida, kama nilivyokuja kuambiwa, mwembamba, ana sindano mkononi. Aliponiona aliingiza haraka chini ya paja kitu alichokuwa anashona. Akaniamkia vizuri. Nilimjibu, na macho yangu yalibaki kwenye lile paja.

Siku mbili baadaye alikuja shuleni, akanisubiri langoni. Aliongea Kiswahili laini, cha taratibu. Aliuliza yale mafuta hupatikana wapi. Aliuliza kama mtu anaweza kuyapata bila mhusika mwenyewe kupelekwa kliniki kuonekana. Halafu akauliza shule inafunga saa ngapi, maana angependa kujua binti anatembea jua likiwa wapi.

Jaribu kuwa mimi, usikie maswali hayo matatu yakifuatana kutoka kwa mchimbaji wa dhahabu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba niliiona wazi kabisa. Mafuta yanapotea. Mpangaji anaficha vitu. Mpangaji anataka kujua saa za binti. Nilimjibu kwamba sijui. Sikurudi hata darasani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji na kumweleza, na kwa kuwa naeleza vizuri, aliogopa kama nilivyoogopa.

Walikwenda siku iliyofuata, saa saba mchana, mwenyekiti na mgambo wawili. Mimi nilifuatana nao. Nilijiambia ninakwenda kumlinda mwanafunzi wangu. Tulipofika kitongoji kizima kilikuwa kimeshafika, maana mgambo hawatembei bila watu kufuata nyuma, na uwanja wa yule mama ukajaa wanawake wenye madumu, wachimbaji wenye matope hadi magotini, na watoto waliotoroka shule yangu.

Mpangaji hakubisha. Alifungua chumba chake, wakatoa vitu nje kimoja kimoja: godoro, sururu, taa ya kichwani, shati la Jumapili. Chini ya mto wakakuta kopo lililowahi kuwa la blubendi. Ndani yake kulikuwa na mafuta meupe. Nilinusa, nikayatambua, nikasema kwa sauti, "Haya hapa." Watu wakaguna. Halafu mgambo akatoa kile alichokuwa anashona siku ile. Ilikuwa kofia, pama la kitambaa cha sare ya shule yetu, limeshonwa vizuri, lina ukingo mpana na kamba ya kufungia kidevuni. Lilikuwa dogo sana. Lingemtosha mtoto wa miaka mitatu.

Nilikuwa bado nalitazama lile pama wakati mlango wa ndani ulipofunguka, kitenge kikasogea, na mtoto akatoka. Labda alisikia sauti ya mpangaji. Alikuwa wa kiume, mweupe kama dada yake, nywele za rangi ya mahindi, amevaa fulana tu. Alisimama katika jua la saa saba akakunja uso, macho yakicheza yakitafuta. Kisha akakimbia kati ya watu wote wale, akamshika mpangaji mguu. Yule mtu aliinama juu yake, akamfunika kwa mgongo wake, akabaki ameinama hivyo hivyo mpaka mama alipofika na kitenge.

Mama alimfunika mtoto, akamwingiza ndani, akatoka tena. Alinifuata mimi, si mwenyekiti.

"Uliniuliza kila kitu, mwalimu," aliniambia. "Hili ungeniuliza ningekuambia. Nilikuwa nasubiri uniulize."

Nilimwambia kwamba watoto hatuwahesabu. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

"Sasa wamehesabiwa," akasema.

Majirani walijua kuna mtoto mle ndani, walimsikia akilia. Hawakujua ni mtoto wa namna gani, na kwa adabu ile ile yangu hawakuuliza. Adabu ya kitongoji kizima ilikuwa imemficha mtoto yule kwa miaka miwili, na mimi niliitangua kwa mchana mmoja. Yote mengine yalikuwa mepesi kuyapanga baada ya hapo. Binti alikuwa anampaka mdogo wake kwanza, mara mbili kwa siku kama nilivyofundisha, anajipaka yeye kinachobaki. Mpangaji alikuwa anatunza kopo ili mtoto asilichezee wakati mama yuko kwenye maandazi. Kofia alifundishwa kushona na binti, na binti alifundishwa na mimi.

Nilitaka kuzungumza na yule binti. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, na kofia yake kichwani, imefungwa kidevuni kama inavyotakiwa. Nilipomkaribia akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ile ile ya kila siku. Niliona haya hata kuitikia. Niliitikia.

Kabla ya wiki kuisha walikuwa wamehama. Mwenyekiti aliwahakikishia usalama, mgambo waliwekwa, lakini mama alikuwa amekwisha kuwaona watu wote wale uwanjani kwake, na machimboni watu hubadilika kila wiki. Huwezi kujua nani alikuwepo na amekwenda kumsimulia nani. Hakumuaga mtu. Mpangaji naye akatoweka. Dawati la ukutani likabaki tupu, na mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele.

Sasa hapa ndipo mambo yanaponikera. Somo langu lilifaulu. Baada ya mchana ule wavulana walianza kuvaa mapama, bila kuambiwa, hata yule wa mama mboga. Sijui ni huruma au ni haya, na sikuwauliza. Ukipita shuleni kwetu saa nne utawaona wote kivulini, kofia za rangi moja, na mgeni yeyote angesema huyo mwalimu amefanya kazi. Mkuu wa shule ameniandikia barua ya pongezi. Ninayo kwenye droo, na siipendi.

Nilikwenda kliniki kuchukua mafuta ingawa sikuwa na wa kumpa. Safari hii kwenye karatasi niliandika chupa mbili. Muuguzi akauliza ya pili ni ya nani. Nikamwambia kwetu watoto hawahesabiwi. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa shaka, kama ninavyowatazama wengine, na nikaona jinsi inavyouma. Lakini alinipa.

Chupa zilikaa kabatini miezi miwili. Halafu alasiri moja nikaitwa langoni, nikamkuta yule mtu wa Singida amesimama kando ya pikipiki iliyomleta. Tulisalimiana. Nilimwomba radhi, naye akasema yamekwisha, kwa namna ambayo haikunihakikishia kwamba yamekwisha. Viatu vyake vilikuwa na udongo mweusi wenye kunata. Huku kwetu udongo ni mwekundu. Tayari akili yangu ilikuwa imeanza kazi: udongo mweusi, pikipiki ya vumbi jingine, safari ya saa ngapi, basi watakuwa upande fulani. Nikainua macho nikayaweka kwenye uso wake, na nikayalazimisha kukaa hapo.

Alisema binti anaomba madaftari yake. Nikamletea. Nilipolipata lile la baiolojia nililifungua kwanza, nikaikuta kalamu yangu nyekundu: Nani? Fafanua. Nikakata yale maneno mawili, nikaweka alama ya vyema kwenye mistari yote miwili.

Kisha akatoa chupa tupu iliyofungwa kwenye gazeti. Mstari wangu ulikuwepo bado, mnene, wa kujiamini. Chini yake palikuwa na vistari vingine vingi, vidogo, vimebanana kama mwandiko wake, viwili viwili mpaka chini, cha mdogo wake na chake, na cha kwake kila mara kilikuwa chembamba zaidi. Nikamkabidhi zile chupa mbili mpya, kalamu ikiwa bado mkononi mwangu.

"Amesema uchore mstari," yule mtu akaniambia. "Katikati. Eti wako unanyooka, unamsaidia kugawa."

Nikaifunika kalamu. Nikamwambia amweleze kwamba ziko mbili, safari hii hakuna cha kugawa, na yeye aanze na masikio.

Alizifunga kwenye gazeti lile lile akazitia ndani ya koti. Sikumuuliza anakwenda wapi. Pikipiki ilipoondoka niligeuka kabla haijafika njia panda, nisije nikaona imekata kona gani.